Bondia mzee na mkanda wa dunia: tumwangalie Mugabi kabla ya Foreman

Najua nilipotea, ni mambo ya BTP. Nilipangiwa shule moja kule Muleba, mtandao wa kubahatisha, maandalio ya somo kila usiku... sasa nimerudi Bukoba na nina jambo linanikera kichwani.

Kule Muleba kuna kaka mmoja wa bodaboda alikuwa ananipeleka shule. Ana miaka 41. Zamani alipigana ngumi za kulipwa Dar, akaacha, akarudi nyumbani. Siku moja akaniambia, "Ticha, wewe unajua kuandika. Niandikie barua kwa promota, nataka kurudi. Mkanda wa dunia bado naweza." Nikamuuliza, kaka, kwa umri huo? Akanijibu neno moja: "Foreman."

Jamani, Foreman huyu amewaponza wengi! Tumpe haki yake lakini. Aliacha ngumi 1977, akakaa nje miaka 10, akarudi 1987 watu wakicheka kitambi chake. Novemba 1994, akiwa na miaka 45, akamwangusha Michael Moorer raundi ya 10 na kuchukua tena ubingwa wa uzito wa juu, miaka 20 baada ya Ali kumnyang'anya pale Kinshasa. Ni kweli, ilitokea. Ila wanaosimulia huwa hawamalizii: mpaka ngumi ile inatua, Moorer alikuwa anaongoza kwa pointi kwa majaji wote watatu.

Sasa mbona tunakimbilia Marekani wakati mfano upo hapo ng'ambo ya Mutukula? Nani anamkumbuka John Mugabi wa Uganda, yule waliyempa jina la Mnyama? Medali ya fedha Olimpiki ya Moscow 1980. Alipopanda ulingoni na Marvin Hagler Machi 1986, mapambano yake yote ya kulipwa alikuwa ameshinda kwa KO. Hagler akammaliza raundi ya 11. Mwaka 1989 alipata mkanda wa WBC kule Ufaransa, mpinzani wake René Jacquot alipoumia kifundo cha mguu raundi ya kwanza. Mwaka uliofuata Terry Norris akamlaza raundi ya kwanza, na 1991 Gerald McClellan naye akamlaza raundi ya kwanza.

Akapumzika miaka mitano. Mwaka 1996, akiwa na miaka 36, akarudi akiwa Australia. Alishinda kadhaa, matumaini yakawepo, lakini 1999 akapigwa na ikawa mwisho. Mkanda wa dunia hakuugusa tena. Na huyu alikuwa Mugabi, siyo mtu wa mchezo!

Mi naona tofauti ni mambo mawili. Kwanza, mtindo. Uzito wa ngumi ndiyo kitu cha mwisho kumtoka bondia, miguu na wepesi vinatangulia. Foreman mzee alisimama wima, jebu, subira, akisubiri ngumi moja. Uzito wa juu unamruhusu mtu kufanya hivyo. Kwenye uzito wa kati vijana wana kasi, hawakusubiri.

Pili, mlango. Manny Pacquiao alipigwa na Yordenis Ugás 2021, akaacha. Akarudi Julai 2025 akiwa na miaka 46, moja kwa moja kwenye pambano la mkanda wa WBC na Mario Barrios, wakatoka sare. Alipigana vizuri sana, sikatai. Lakini waliompanga kwenye orodha ya wagombea walijua jina lake linauza tiketi. Bondia wa Muleba ataitwa kwa sababu nyingine: promota anatafuta mtu wa kijana wake kumpiga ili rekodi yake ing'ae.

Kaka yangu akanitajia na Cheka, kwamba Francis Cheka alichukua mkanda wa WBF palepale Dar, Agosti 2013. Ni kweli, ila Cheka alikuwa na miaka 31 na hakuwa ametoka ulingoni.

Halafu kuna Ali. Mwaka 1980 alirudi akiwa na miaka 38 kumkabili Larry Holmes. Kona yake ikasimamisha pambano baada ya raundi ya 10. Mwaka uliofuata akapigana tena, na Trevor Berbick, akapoteza. Mwaka 1984 madaktari wakamwambia ana Parkinson. Kama Ali hakuwa na mtu wa kumwambia "basi" mapema, huyu wa kwetu nani atamwambia?

Najua hakuna bondia anayerudi kwa sifa tu. Foreman mwenyewe alirudi akitafuta hela za kituo chake cha vijana. Ngumi hazina kiinua mgongo, na huyu kaka ana watoto watatu na pikipiki ya mkataba. Ndiyo maana siwezi kumcheka.

Kwa hiyo msimamo wangu: mzee anaweza kurudi, lakini ni mmoja kati ya wengi, na huyo mmoja huwa na jina, uzito na watu nyuma yake. Barua sijaandika. Jumamosi napanda Hiace kwenda Muleba nimwambie hivyo uso kwa uso, na kwamba kama anataka barua ya kuomba kufundisha vijana ngumi, hiyo naandika hata usiku huohuo. Anaweza kukasirika. Bora anikasirikie mimi akiwa na akili zake timamu.

Nawasilisha waitu. Kama nimekosea nirekebisheni kabla ya Jumamosi!