Sifa ya Goli ni ya Nani?

Kila jioni tuchezapo mpira nasikia swali moja uwanjani: "Nani ametia goli?" Sijasikia bado mwanafunzi akiuliza, "Nani alimpa mpira?" Kwa hiyo wengi wataka kusimama mbele, na aliye na mpira hataki kuutoa, hata anyang'anywe. Naona desturi hii ni mbaya, nami nitawaonyesha sababu kwa habari za mchezaji mmoja wa Uingereza.

William Ralph Dean, ambaye watu walimwita Dixie, alizaliwa mwaka 1907 katika mji wa Birkenhead, ng'ambo ya mto kuelekea Liverpool. Mwaka 1925 aliingia katika timu ya Everton. Mwaka uliofuata alipata ajali ya pikipiki, akavunjika fuvu la kichwa na taya, hata waganga wakaona shaka kama atacheza tena. Lakini kabla ya mwaka kwisha alirudi uwanjani, na kichwa kile kile kikamletea sifa, maana alikuwa hodari mno wa kupiga mpira kwa kichwa.

Katika msimu wa 1926-27 George Camsell wa Middlesbrough alikuwa ametia magoli 59 katika daraja la pili. Msimu uliofuata, siku ya mwisho, tarehe 5 Mei 1928, Everton walicheza na Arsenal. Ubingwa walikwisha kuupata, lakini watu walijaa uwanjani kumtazama Dean, aliyekuwa na magoli 57. Akatia la kwanza, akatia la pili. Zilipobaki kama dakika nane ilipigwa kona. Dean akaruka, akaupiga mpira kwa kichwa, ukaingia wavuni. Yakawa magoli 60 katika michezo 39, na hata leo hakuna aliyefikia hesabu hiyo katika daraja la juu la Uingereza.

Basi, na tuulize swali la pili: nani alimpa mpira? Aliyepiga kona ile ni Alec Troup, Mskoti mfupi aliyecheza upande wa kushoto. Jina la Dean lajulikana mahali pengi. La Troup wachache walikumbuka. Lakini mpira usingalifika, Dean angalirukia nini?

Labda mmoja wenu atasema, "Wengi hupewa mpira, wasiweze kuutia." Ni kweli, wala simnyimi Dean haki yake. Lakini fikirini neno hili: mwaka 1930 Everton walishuka daraja la pili, na Dean alikuwa mchezaji wao. Hodari mmoja hakutosha kuwaokoa. Timu ilipopata nguvu tena ilipanda mwaka 1931, ikawa bingwa wa daraja la kwanza mwaka 1932, ikatwaa Kombe mwaka 1933, Dean akiwa nahodha wake.

Mtume Paulo alitufundisha kwamba sisi tu viungo vingi vya mwili mmoja. Uwanja wa mpira ni mahali pazuri pa kujifunza neno hilo. Basi kesho goli likitiwa, msimkimbilie mmoja tu kumshangilia. Mtafuteni na yule aliyeutoa mpira, mkampe mkono. Kidole kimoja hakivunji chawa.