Staa na Tableti Zake, Sisi Kyela na Bao Letu

Wadau, kuna staa mmoja wa Bongo Movie, jina kapuni, kaanika mtandaoni tableti na midoli ya bei mbaya anayomfundishia mwanaye nyumbani. Sina wivu naye, hela ni yake. Kilichoniuma ni komenti za wazazi wanaojiona wameshindwa kwa kuwa hawana vile vitu. Jamani!

Mwaka huu hapa Kyela, kifaa changu namba moja kilikuwa bao. Mashimo 32, kete 64, basi. Mwanangu yuko darasa la tatu, na hesabu za kutoa zilikuwa zinamliza. Nami, badala ya kumsaidia, nilikuwa namfokea. Babu yake akamwita chini ya mwembe, wakawa wanacheza kila jioni. Siku hizi dogo anajua kete ya mwisho itaangukia wapi kabla hajaigusa, na daftari la hesabu halikimbii tena.

Namba mbili: vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania, vipo bure mtandaoni, bando lako tu. Tatu: katuni za Ubongo Kids. Nne: sokoni. Anapima mchele, anarudisha chenji, akikosea mteja anamsahihisha.

Shule anaenda kama kawaida, mwalimu habadilishwi na bao. Ila nimejifunza kwamba mtoto hakukosa tableti, alikosa mtu wa kukaa naye bila kumgombeza.

Wewe je, mwaka huu umecheza nini na wanao? Funguka.