MAMBO YA NYUMBANI: Mafuta Kichwani mwa Mtoto



Juma hili twajibu swali la mama mmoja wa Kibumba. Mtoto wake, mwenye umri wa mwaka mmoja na nusu, alifungua kopo la mafuta ya kujipaka akayamaliza yote kichwani mwake. Siku ya pili, kabla hayajatoka, akatia vidole katika grisi ya chukudu ya baba yake, akajipangusia nywele. Mama akamwosha kwa maji mara tatu, lakini nywele zikabaki zimegandamana, na vumbi likazidi kuzishika. Bibi ya mtoto akasema anyolewe kichwa chote. Baba akasema, "Tumpake petroli, itatoka mara moja." Mama atuuliza: amfuate nani?

Twajibu kwa heshima: asimfuate baba hata kidogo, na bibi amwombe angoje siku mbili tatu. Mafuta ya kujipaka yakikaa kichwani hayamdhuru mtoto. Kinachowadhuru watoto wetu mara nyingi ni haraka yetu sisi wakubwa ya kuyatoa.

Labda msomaji aishiye kando ya ziwa au mto atacheka, aone kwamba swali hili ni dogo. Asicheke. Kibumba iko kaskazini ya Goma, katika barabara iendayo Rutshuru, chini ya milima ya Nyiragongo na Mikeno. Mvua hunyesha nyingi na udongo huzaa viazi, kabichi, karoti na vitunguu, vyakula ambavyo hushushwa Goma kwa malori na kwa chukudu. Lakini nchi ile ni ya mawe ya volkano. Mawe hayo yana matundu kama sifongo, na maji ya mvua huzama chini upesi, wala hayafanyi kijito. Kwa hiyo maji ya nyumbani hukingwa mapaani au huchukuliwa mgongoni kutoka mbali.

Kibumba ilijulikana ulimwenguni kwa sababu ya shida hiyo. Katika Julai 1994 wakimbizi wengi mno kutoka Rwanda walipiga kambi pale, na maji yakawa lazima yaletwe kwa malori. Kipindupindu na kuhara damu vikaingia, na katika mwezi wa kwanza watu karibu 50,000 walikufa katika kambi zote za wilaya ya Goma. Tena, mwishoni mwa mwaka 2022, vita ilipowafukuza wengi wa Kibumba hadi Kanyaruchinya, akina mama wakajifunza upya kuhesabu kila kopo la maji. Basi mama wa Kibumba aliyemwaga dumu zima la lita 20 juu ya kichwa cha mtoto bila faida, amepata hasara ya kweli. Maji hayo yangaliweza kupikia, kunywewa, na kunawia mikono.

Kwa nini maji peke yake hayafai? Kwa sababu maji na mafuta havichanganyiki. Ukimwaga maji juu ya nywele zenye mafuta, hupita juu yake kama yapitavyo juu ya jani la mgomba. Hata ukimwaga madumu matatu, mafuta yatabaki pale pale.

Sabuni ndiyo mpatanishi. Kila chembe ndogo ya sabuni ina pande mbili: upande mmoja hupenda maji, na upande wa pili hupenda mafuta. Upande wa pili hushika mafuta, na ule wa kwanza huyavuta kwenda pamoja na maji. Ajabu ni kwamba sabuni yenyewe huzaliwa na mafuta. Mafuta yakipikwa pamoja na magadi makali hugeuka kuwa sabuni. Mtaalamu Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, alieleza siri hiyo katika kitabu alichokitoa mwaka 1823. Na katika nchi yetu ya Kongo twaijua habari hiyo kwa uchungu: mwaka 1911 Mwingereza William Lever, mwenye viwanda vya sabuni, alipewa mashamba makubwa ya michikichi, na watu wengi wakashurutishwa kukwea michikichi hiyo ili nyumba za Ulaya zipate sabuni. Kipande cha sabuni ya mawese kilichomo nyumbani mwako, mama, ni ndugu wa mafuta yaliyo kichwani mwa mtoto wako. Ndiyo maana kinaweza kuyashika.

Sasa tueleze kazi yenyewe. Maji ya moto kiasi, bakuli mbili tatu, yatatosha.

Kwanza, kausha. Usitie maji bado. Chukua kitambaa kikavu cha pamba, ubonyeze nywele pole pole, fungu kwa fungu, mpaka kitambaa kimeacha kunywa mafuta. Usisugue, kwa maana kusugua hueneza mafuta mpaka kwenye mizizi ya nywele. Mafuta yakiwa mengi sana, nyunyiza kijiko kimoja cha unga laini wa muhogo au wa mahindi, ungoje kidogo, kisha uupanguse kwa kitambaa. Unga hunywa mafuta kama mchanga unywavyo maji. Lakini uzibe macho, pua na kinywa cha mtoto kwa mkono wako, asivute vumbi la unga. Na kama unga wa nyumbani ni wa kuhesabu, uache, kitambaa chatosha.

Pili, tia sabuni kabla ya maji mengi. Hapa ndipo wengi hukosea. Lowesha viganja vyako tu, sugua sabuni mpaka povu liwe zito, ukalitie katika nywele zilizo bado kavu. Sabuni ikikuta maji mengi hupungukiwa nguvu, lakini ikikuta mafuta kwanza huyashika. Kanda kwa ncha za vidole, si kwa kucha, kwa muda wa kuhesabu mia moja. Sabuni ya watoto ni bora. Ikikosekana, sabuni ya mche ya kawaida yafaa, mradi isuuzwe vizuri.

Tatu, suuza kwa kikopo. Mlaze mtoto juu ya mkono wako, kichwa kielekee nyuma, maji yateremkie kisogoni, wala si machoni. Kabla ya kumwagia, jaribu maji kwa kiwiko chako: yakikuchoma wewe, yatamchoma yeye zaidi.

Nne, rudia sabuni mara moja tu siku hiyo. Mafuta yakisalia, ngoja kesho. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, na kuoshwa mara tano kwa siku moja huikausha na kuipasua. Mafuta mazito ya kujipaka hutoka kwa siku mbili au tatu. Hiyo ni desturi yake, wala si uvivu wa mama.

Tano, mkaushe upesi na kumfunika kichwa. Kibumba ni nchi ya baridi, nanyi mwajua upepo wa jioni utokao mlimani.

Grisi ya chukudu ina njia yake, nayo isingoje hata kesho. Si safi kama mafuta ya kujipaka, kwa maana imechanganyika na vumbi la barabara na uchafu wa vyuma, na mtoto akigusa kichwa hutia mkono kinywani. Hapa twafanya jambo ambalo bibi wengine watalishangaa: twatoa mafuta kwa mafuta. Paka mafuta safi ya kupikia, kidogo sana, juu ya grisi tu. Ikande kwa vidole mpaka ilegee, kisha uipanguse kwa kitambaa. Fanya tena mpaka kitambaa kitoke bila weusi. Ndipo ufuate yale tuliyoyaeleza juu. Mafuta safi huyeyusha grisi, na sabuni huyaondoa yote mawili. Osha na mikono ya mtoto, hasa chini ya kucha. Kitambaa kile kitupwe, kisiachwe karibu na moto.

Sasa twarudi kwa baba na petroli yake, yaani mafuta ya taa. Ni kweli kwamba huyeyusha grisi. Mafundi huitumia kuoshea vyuma. Lakini kichwa cha mtoto si chuma. Petroli huunguza ngozi laini. Mvuke wake humlevya mtoto. Na akiilamba, hata kiasi kidogo chaweza kuteremka katika mapafu na kuyaharibu. Zaidi ya hayo, nyumba zetu nyingi zina jiko la makala sebuleni. Kichwa chenye petroli karibu na makala ni utambi wa taa. Esanse ya pikipiki ni mbaya zaidi, kwa sababu hushika moto hata kutoka mbali. Na ikitukia kwamba mtoto amekwisha kunywa petroli, msimtapishe, wala msimpe maziwa kwa kulazimisha. Mchukueni mara moja hata kituo cha afya, maana akitapika ndipo huingia mapafuni.

Vitu vingine vya kuepuka ni hivi: sabuni ya unga ya kufulia, kwa kuwa ni kali kwa macho na ngozi; maji ya majivu, kwa kuwa magadi yake huchoma; na mchanga wa volkano, ambao wengine husugulia masufuria, kwa kuwa hukwaruza kichwa na kufungua njia ya vidonda.

Kuna neno moja la kutofautisha. Kama mafuta yaliyommwagikia mtoto yalikuwa ya moto, hiyo si habari ya uchafu tena, ni habari ya kuungua. Hapo usihesabu maji. Mwagia maji safi ya baridi juu ya mahali palipoungua kwa muda wa dakika 20, mwili uliobaki ukifunikwa asipate baridi. Usipake siagi, wala dawa ya meno, wala asali, mpeleke akatibiwe.

Na bibi je? Ushauri wake si mbaya, ni wa mwisho tu. Kama baada ya siku tatu grisi imegandamana na nywele, fungu lile laweza kukatwa kwa mkasi, au kichwa kizima kunyolewa. Nywele zitaota. Lakini wembe uwe mpya na wa mtoto huyo peke yake. Wembe uliopita katika vichwa vya watoto wa jirani waweza kuchukua ugonjwa wa ini na hata ukimwi kutoka damu hata damu. Vilevile, kichwa kilichonyolewa jioni hulala na kofia.

Wengine watauliza: basi tuache kuwapaka watoto mafuta? Hapana. Nywele za watoto wetu ni za kujisokota, na hukauka upesi katika baridi na upepo. Mafuta kidogo huzilinda zisikatike. Tunasema kidogo: yale yanayong'arisha kiganja, si yale yanayotiririka shingoni. Mafuta mengi hukusanya vumbi na moshi, na kichwa huanza kunuka. Kama mtoto mchanga ana ukoko wa manjano kichwani, usiubandue kwa kucha. Ulegeze kwa mafuta kidogo, kisha umwoshe kwa sabuni. Lakini ukiona viduara ambapo nywele zimekatika na ngozi ina magamba, huo ni mashilingi. Mafuta hayauponyi, hata upake kopo zima. Wahitaji dawa ya kumeza kutoka kituo cha afya. Na watoto wengine wa nyumba hiyo wasitumie kitana kimoja naye.

Neno kwenu, wanafunzi, hasa ninyi dada wakubwa mnaobeba wadogo zenu mgongoni mama akiwa shambani. Kinga ni bora kuliko tiba. Makopo ya mafuta yakae juu, mahali mtoto asipofika. Petroli isitiwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa, kwa sababu mtoto hajui kusoma. Yeye huijua chupa tu. Nanyi kaka mnaosukuma chukudu, mkimaliza kupaka grisi, pangusa ile iliyozidi na kufunika kopo. Mkifanya hivyo, mama yenu atabakiwa na maji ya kupikia jioni.

Maji ya kuosheshea nayo yasitupwe ovyo. Yakiwa na sabuni kidogo tu, yatatosha kuoshea miguu ya watoto wakubwa au kufutia sakafu. Yale yenye grisi yamwagwe mbali na bustani na mbali na pipa la maji ya mvua.

Basi, mama wa Kibumba, mwambie baba kwa upole kwamba petroli yake ibaki katika taa. Mwambie bibi kwamba wembe ungoje. Nawe chukua kitambaa kikavu, kipande cha sabuni, bakuli mbili tatu za maji na siku tatu za uvumilivu. Kama mafuta kidogo yatasalia bado Jumapili asubuhi, mlete mtoto hivyo hivyo. Kichwa king'aacho si aibu kwa mtu yeyote.