Mgonjwa Aulizwe Kazi Yake

Mwaka 1700 tabibu mmoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, alichapisha mjini Modena kitabu juu ya maradhi ya wafanyakazi. Ndani yake aliwausia matabibu wenzake waongeze swali moja katika yale waliyozoea kumwuliza mgonjwa: kazi yake ni ipi? Imepita miaka zaidi ya 300, na bado wako wachimba madini katika Afrika wanaotibiwa pasipo kuulizwa swali hilo.

Hasara ya kutouliza si ndogo. Mwamba unapotobolewa au kupasuliwa kwa baruti hutoa vumbi la silika, ambalo chembe zake zilizo laini kabisa hazionekani kwa macho. Chembe hizo hupita puani na kooni bila ya kuzuiliwa, zikatua ndani kabisa ya mapafu. Seli zinazoyalinda mapafu huzimeza, nazo hufa kwa kuzimeza. Mahali pake hubaki makovu. Makovu yakizidi, pumzi hupungua. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi. Hauna dawa ya kuuondoa, na waweza kuendelea hata baada ya mchimbaji kuacha kazi. Tena hukifungulia mlango kifua kikuu, na katika picha ya eksirei magonjwa hayo mawili yaweza kufanana. Kwa hiyo mchimbaji huweza kurudiwa na dawa za kifua kikuu mara ya pili na ya tatu, hali makohozi yake hayaonyeshi vijidudu na yeye hapati nafuu. Daktari asiyejua kuwa mgonjwa wake ameshinda shimoni miaka kumi ni rahisi kukosea.

Haifai kudhani kwamba mambo haya ni mageni. Afrika ya Kusini ilitunga sheria ya malipo kwa wagonjwa wa aina hii mwaka 1911, na mwaka 1930 mkutano wa kimataifa juu ya silikosisi ulifanyika Johannesburg. Elimu haikukosekana, kilichokosekana ni haki. Mchimbaji Mzungu alipimwa kwa makini na kulipwa fidia. Mwafrika aliyetoka Lesotho, Msumbiji, Nyasaland au kusini mwa Tanganyika alilipwa kidogo au hakulipwa kabisa. Mkataba wake ulipokwisha alirudi kwao na kikohozi chake. Ilichukua mpaka mwaka 2018 ndipo kampuni sita za dhahabu zilipokubali kutenga kiasi cha randi bilioni 5 kwa ajili ya wagonjwa na warithi wao, na mahakama ikaidhinisha mapatano hayo mwaka 2019. Hata hivyo yaliwahusu tu waliofanya kazi tangu tarehe 12 Machi, 1965. Waliotangulia hawakuguswa.

Funzo hilo linaihusu Tanzania moja kwa moja. Huko Mererani, wilayani Simanjiro, maelfu ya vijana wameingia katika mashimo marefu kuitafuta tanzanaiti. Watafiti, wakiwamo wa hospitali ya Kibong'oto mkoani Kilimanjaro, wamewapima wachimbaji hao na kuikuta silikosisi pamoja na kifua kikuu. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliweka mfuko unaochangiwa na waajiri, nalo lilikuwa jambo jema. Lakini mchimbaji mdogo mara nyingi hana mwajiri wala mshahara. Hula chakula cha mwenye shimo na kungojea mgawo wa jiwe. Asiyeandikwa popote, nani atamchangia?

Wako wanaosema kuwa mchimbaji mwenyewe ni mkaidi, kwa kuwa hata akipewa barakoa huivua. Hoja hiyo haitoshi. Kitambaa cha kawaida hakiwezi kuchuja vumbi la silika, na katika joto la shimoni barakoa iliyo madhubuti huvumilika kwa shida. Kinga ya kwanza ni kulizuia vumbi pale linapozaliwa, yaani kutoboa mwamba kwa maji na kupeleka hewa safi shimoni. Barakoa huja mwisho. Ni kweli kwamba maji ni haba Simanjiro. Lakini anayepata mtaji wa baruti na mashine hawezi kukosa kabisa mtaji wa maji.

Kwa hiyo kila mtu ana fungu lake. Mganga aandike kazi ya mgonjwa, ya sasa na ya zamani, kama anavyoandika umri wake. Ofisa anayesimamia leseni asiridhike na karatasi, bali ashuke aone jinsi mwamba unavyotobolewa. Mwalimu wa shule iliyo karibu na machimbo awafundishe watoto habari za vumbi kabla hawajalifuata jiwe. Nao watafiti wayarudishe matokeo yao kwa wale waliotoa damu na makohozi yao, kwa Kiswahili kinachoeleweka, pale pale kwenye mdomo wa shimo.

Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yaliazimia mwaka 1995 kwamba silikosisi itokomezwe ifikapo mwaka 2030. Azimio hilo halitatimia kwa kupigiwa makofi katika mikutano. Litatimia siku ambayo kinga itamtangulia mchimbaji kushuka shimoni, badala ya tiba kumfuata hadi kitandani.