Kalamu Haifai Kufungiwa

Nakusanya kalamu za wino za kale, nyembamba, zenye mwili wa chuma. Niipendayo zaidi ni Aurora Hastil, iliyosanifiwa na Mwitaliano Marco Zanuso na kutolewa mwaka 1970. Jina lake lanasabu Kilatini, lugha ambamo neno hilo lilikuwa mpini wa mkuki. Jumba la makumbusho la MoMA, New York, limeihifadhi, nalo lafanya kazi yake. Sisi watunzi kazi yetu ni nyingine. Kalamu iliyojazwa kisha ikafungiwa sandukuni hukaukiwa wino na kuziba. Iandikayo kila siku hutiririka. Ndivyo yalivyo maneno yetu ya kale: yakibakia kamusini tu, hukauka. Tuyatie mashairini, na kalamu hizi ziyaandike.