Vidole vya msusi

Wadau, kama bado hamjaitazama filamu ya Ng'endo Mukii inayoitwa Yellow Fever, yaani homa ya manjano, itafuteni kwenye intaneti. Ni dakika saba hivi. Mkenya huyu aliitengeneza mwaka 2012 akiwa mwanafunzi wa Royal College of Art, London, akichanganya michoro inayotembea na video ya wacheza dansi. Jina hilohilo Fela Kuti alilipa wimbo wake wa kuwasema wanaojichubua, mwaka 1976.

Mukii anarudi utotoni, kwa msusi wake. Uso wa mama yule ulikuwa umekubali mkorogo, sugu za vidole zikagoma, zikabaki nyeusi. Hapa Morogoro tuna utani wetu: uso Fanta, mikono Pepsi. Tunacheka, yameisha. Mukii hacheki, anachora. Na kwa maoni yangu kalamu ndiyo ilimfaa, maana nani alikuwa na kamera siku ile? Mtoto anayesukwa haoni saluni nzima, anaona vidole vinavyopita mbele ya macho yake. Video ya miili halisi inaongezwa ili tusisahau kwamba ngozi inayozungumzwa si karatasi.

Halafu tunamsikia mpwa wake, binti mdogo, akieleza jinsi ambavyo angependa kuwa Mmarekani, mweupe. Sidhani kuna mwalimu aliyemkalisha chini akamfundisha hayo.

Hapo ndipo penye ugomvi wangu na kampeni zetu. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini miaka mingi sasa, shehena zinakamatwa na kuteketezwa. Vizuri sana. Lakini tunaongea na anayepaka tu. Binti wa Mji Mpya aliyebanwa katikati ya magoti ya msusi hajapaka kitu, anatazama. Na kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Mashamba ya huko milimani yamerithiwa kupitia wanawake vizazi na vizazi. Sasa mikono ileile inamrithisha binti shaka juu ya ngozi yake, nasi tuko bize kukagua makopo!

Filamu kama hii huishia kwenye matamasha, mbele ya watu ambao tayari wanakubaliana nayo. Mimi ningeiweka kwenye zile televisheni za saluni, Jumamosi, foleni ikiwa ndefu. Maneno yake mengi ni ya Kiingereza, kwa hiyo mtu akae aitafsiri. Wenye saluni mlioko Morogoro, mnasemaje?