Wiki ya Tano ni Lini? Nambari Iandikwe Pamoja na Tarehe

Sisi watu wa pwani tuna siku mbili za tano katika wiki moja. Jumatano ni ya tano kwa hesabu yetu inayoanzia Jumamosi. Kesho yake ni Alhamisi, ambayo ni ya tano kwa hesabu ya Kiarabu inayoanzia Jumapili. Hakuna anayepotea, kwani siku zina majina. Taabu huanza jina likiondolewa, ikabaki nambari peke yake.

Ndiyo hali ya taarifa za magonjwa. Hapa Kenya takwimu za ufuatiliaji wa maradhi hujumlishwa kwa wiki, Jumatatu hadi Jumapili, na kila wiki hupewa nambari. Marekani wao huanza Jumapili na kumaliza Jumamosi. Kanuni ya kimataifa ya ISO 8601 nayo yasema wiki ya 1 ni ile yenye Alhamisi ya kwanza ya mwaka. Ndiyo maana Ijumaa ya 1 Januari 2021 ilihesabiwa katika wiki ya 53 ya 2020, na Jumatatu ya 30 Desemba 2024 ikawa tayari ni wiki ya 1 ya 2025.

Utasema, hayo yatuhusu nini? Tukumbuke chikungunya. Shirika la Afya Duniani liliripoti wagonjwa 453 katika Kaunti ya Mombasa, Mvita ikiwemo, tangu katikati ya Desemba 2017 hadi 3 Februari 2018. 32 kati yao walithibitishwa na maabara. Kwa nambari, mlipuko huo ulitoka wiki ya 50 ukafika wiki ya 5. Anayepanga jedwali kwa nambari bila mwaka ataweka mwisho wa maradhi mbele ya mwanzo wake. Tena, 3 Februari ilikuwa Jumamosi, ilhali wiki ya 5 kwa hesabu yetu iliisha Jumapili ya tarehe 4. Anayeandika "hadi wiki ya 5" ameongeza siku ambayo haimo katika hesabu ile.

Sisemi nambari za wiki zitupwe. Zina faida yake. Wagonjwa wachache huandikishwa Jumapili, Jumatatu foleni ikajaa. Wiki nzima husawazisha mambo hayo, na huwezesha kulinganisha mwaka huu na uliopita. Lakini mwananchi wa Kibokoni au Kuze haishi kwa nambari za wiki. Anahifadhi maji kwa mapipa kwa kuwa mfereji hauaminiki, na mbu wa maradhi haya hutoka yai hadi kuruka kwa muda wa siku saba hadi kumi hivi. Akikosea wiki moja kujua maradhi yameingia mtaani, kizazi kizima cha mbu kimeshatoka pipani.

Basi dawa ni nyepesi. Kila taarifa ya kaunti, na kila habari tunayoandika sisi, iseme yote mawili: "wiki ya 5 ya 2018, Jumatatu 29 Januari hadi Jumapili 4 Februari." Mwaka usiachwe, na siku ya kuanza na ya kuisha zitajwe. Takwimu zikikomea katikati ya wiki, isemwe wazi kuwa wiki haijatimia, watu wasidhani maradhi yamepungua.

Ni mstari mmoja tu wa ziada. Mtaalamu atapata nambari yake, na mwenye pipa atajua ni lini.